Breki za gari lako la zamani zinalia? Jua zinasema nini kabla ya kuzinyamazisha

Foleni ya Buguruni, saa moja asubuhi. Madirisha yako wazi, na kila magari yakisogea hatua mbili na kusimama, inasikika: kiiiii! Abiria wa daladala ya pembeni wanageuka. Dereva wa Carina Ti anaongeza sauti ya redio kidogo, kana kwamba si yeye.

Wenye magari ya zamani wanaijua aibu hiyo. Wengine huizoea kelele mpaka hawaisikii tena. Wengine huenda gereji na kumwambia fundi, "Kaka, niondolee huu mluzi tu." Hapo ndipo penye mtego. Zipo njia za kunyamazisha breki kwa dakika tano na kwa hela ndogo sana, na baadhi yake zinaondoa kelele pamoja na breki zenyewe. Halafu ipo kelele moja ambayo kiwanda kiliiweka makusudi, ili dereva aisikie.

Hapa tunazungumzia breki za diski, zile za magurudumu ya mbele kwenye karibu kila gari dogo la Kijapani lililoingia Afrika Mashariki kama mtumba. Carina Ti, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001, ni mfano mzuri, na Corolla za kipindi hicho ni hivyo hivyo: mbele diski, nyuma mara nyingi dramu. Dramu zina kelele zake na matengenezo yake. Kama sauti inatoka nyuma, usikimbilie kununua pedi za mbele.

Mluzi unatoka wapi

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Kalipa imeikumbatia kama kiganja, na ndani yake kuna pedi mbili, moja kila upande. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje. Diski inabanwa, gari linasimama.

Mluzi unatokea pale pedi inapokamata na kuachia, kukamata na kuachia, zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Ukilowesha kidole na kukizungusha kwenye mdomo wa glasi, utasikia jambo lile lile kwa udogo wake. Diski inatetemeka na kugeuka spika.

Kwa hiyo gari linaweza kulia huku breki zikiwa nzima kabisa. Kinachotakiwa ni mtetemo kupata nafasi tu: pedi iliyolegea kwenye kiti chake, pini iliyokauka grisi, au uso wa pedi uliong'aa kama kioo. Gari la miaka 25 mara nyingi linakuwa na vyote vitatu.

Tatizo hili lina umri sawa na breki zenyewe. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na pedi zake zilikuwa na shaba. Shaba juu ya chuma! Zilipiga kelele za kutisha. Mwaka 1907 Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alikuja na wazo la kutumia asbesto, na kelele ikapungua. Gharama yake ilijulikana baadaye, kwani vumbi la asbesto husababisha saratani. Pedi nyingi za leo hazina asbesto, lakini huwezi kujua kwa macho pedi ya bei ya kutupa imetengenezwa kwa nini. Ndiyo maana vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, ingawa kila siku unaona vijana wakifanya hivyo. Lilowanishe, lifute, kitambaa kitupwe.

Sikiliza kabla ya kufungua tairi

Tafuta ukuta mrefu au uzio wa bati, shusha vioo, zima redio, kisha endesha polepole kando yake. Ukuta unarudisha sauti, na utajua inatoka kulia au kushoto. Rudia mara mbili: mara ya kwanza bila kugusa breki, mara ya pili ukikanyaga kidogo kidogo.

Kelele ya asubuhi inayoisha baada ya kusimama mara tatu au nne ni kutu nyepesi. Gari likilala nje usiku wa mvua, au likioshwa jioni, uso wa diski unashika kutu kufikia asubuhi. Pwani, kwa upepo wa chumvi, ni jambo la kila siku. Pedi zinaifuta zenyewe. Usitumie hata senti.

Kama sauti ipo muda wote kama bati linalokwaruzwa na msumari, na umetoka kupita barabara ya changarawe, inawezekana ni kokoto tu. Nyuma ya diski kuna kingio jembamba la bati la kuzuia vumbi, na kokoto hunasa katikati yake na diski. Watu wameshauziwa pedi mpya kwa sababu ya kokoto moja. Kurudi nyuma polepole wakati mwingine huliangusha. Likigoma, linatolewa kwa bisibisi tairi likishafunguliwa.

Sasa ile kelele iliyowekwa makusudi. Kwenye pedi nyingi kuna kipande kidogo cha chuma kilichopinda kama ulimi. Pedi ikiisha na kubaki takriban milimita 2 hadi 3, ulimi huo unaanza kugusa diski na kupiga mluzi mwembamba. Kinachoitofautisha ni kwamba mara nyingi inasikika gari likiwa linatembea tu, mguu ukiwa mbali na breki, na ukikanyaga inabadilika au inakata. Madereva wengi wanafarijika hapo: "Mbona nikikanyaga inanyamaza?" Kumbe ndiyo dalili yenyewe. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Ukisikia ulimi, umeshatumia sehemu kubwa, na safari ya mkoani iahirishwe mpaka pedi zibadilishwe.

Ukipuuza, mluzi unageuka mngurumo. Hapo ni chuma kwa chuma. Mgongo wa pedi unachimba diski, breki zinachelewa kukamata, na kile ambacho kingekuwa gharama ya pedi peke yake kinakuwa pedi na diski mbili. Gari la namna hiyo haliendeshwi hata kwenda gereji ya mbali. Fundi aitwe alipo.

Mwisho, angalia joto. Endesha dakika kumi bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza mkono karibu na rimu ya kila upande bila kugusa. Upande mmoja ukiwa wa moto sana kuliko mwingine, kalipa ya upande huo haiachii. Gari huwa linavuta upande, linakula mafuta, na wakati mwingine kunakuwa na harufu ya kitu kinachoungua.

Mbinu za mtaani zinazoua breki

Ya kwanza na mbaya kuliko zote: kupaka oili au grisi kwenye uso wa pedi au diski. Kelele inaisha papo hapo, ndiyo, kwa sababu pedi haishiki tena. Pedi inanyonya oili kama sifongo, na hata ukiisafisha juu, joto litaitoa tena kutoka ndani. Fikiria gari hilo likiteremka Kitonga likiwa na mzigo. Pedi iliyoingia oili haina tiba. Inatupwa pamoja na wenzake, kwa maana pedi hubadilishwa kwa ekseli, kulia na kushoto pamoja, ili gari lisivute upande.

Ya pili ni kukata ule ulimi wa tahadhari. Fundi anaufinya kwa koleo, anakurudishia funguo, unalipa na kushukuru. Pedi imebaki ile ile milimita 2, ila sasa hakuna kitakachokwambia. Dereva ajaye anaweza kuwa mkeo au mwanao, na yeye hatajua hata kwamba paliwahi kuwa na mluzi.

Kumwaga maji kwenye diski ya moto nako kupo, hasa stendi na kwenye vituo vya mizani. Chuma kinapoa kwa ghafla na bila usawa, kinaweza kupinda au kupasuka. Breki zikichemka, simama, ziache zipoe zenyewe, na usivute handibreki kwa nguvu ukiwa sehemu tambarare.

Kusugua pedi kwa msasa na kurudisha hakuna hatari, ila kama hukugusa kitu kingine, kelele itarudi baada ya wiki moja.

Kazi yenyewe

Mtu mwenye mkono wa ufundi anaweza kuimaliza nyumbani kwa nusu siku. Asiyejiamini asijaribu kwenye breki. Ampe fundi, lakini asimame pale na kuangalia yafuatayo yakifanyika.

Unahitaji jeki, stendi mbili, spana ya tairi, boksi namba 14, spana nyembamba ya 17 ya kuzuia pini isizunguke, brashi ya waya, msasa mkavu, tupa, dawa ya kusafishia breki, waya, na klampu ya kurudisha pistoni. Halafu grisi ya breki, ile inayostahimili joto na isiyoharibu mpira. Grisi ya kawaida ya bearing haifai hapa: inayeyuka, na inavimbisha mipira ya pini.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, weka mawe au mbao nyuma ya matairi ya nyuma, ndipo upige jeki. Jeki inanyanyua tu, haibebi. Kinachobeba ni stendi, na kama uwanja ni mchanga, weka ubao mpana chini yake. Fungua upande mmoja, maliza, ndipo uende wa pili. Ukichanganyikiwa springi ilikaaje, upande ambao hujaufungua ndiyo kitabu chako.

Ondoa kalipa, uining'inize kwa waya kwenye springi ya gari. Usiiache ikining'inia kwa paipu yake ya mpira, maana paipu hilo likichanika kwa ndani halionekani kwa nje. Toa pedi na uziangalie kwa pamoja. Pedi ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, au ikiwa imeliwa kimshazari, jibu la kelele yako liko kwenye pini au pistoni. Kuweka pedi mpya bila kugusa hizo ni kununua kelele upya.

Na hapa ndipo magari ya zamani yanapofeli zaidi: pini. Zinatakiwa kuteleza kwa kidole. Kwenye gari ambalo limebadilishwa pedi mara sita bila mtu kugusa pini, utakuta moja imeganda kabisa. Ichomoe, ifute grisi kuukuu yote, iondoe kutu kwa msasa laini. Ikiwa imechimbika, nunua nyingine, kwani bei yake si ya kutisha. Mpira wake ukiwa umepasuka, badilisha, la sivyo maji na vumbi vitaingia tena. Kumbuka ipi ilikaa juu na ipi chini, kwa sababu kwenye kalipa nyingi za Toyota moja ina kijipira mwishoni na nyingine haina. Paka grisi ya breki kiasi, rudisha, sukuma kwa mkono. Inatembea? Vizuri.

Kisha geukia bracket, lile fremu la chuma ambamo pedi hukaa. Vile vibati vya chuma cheupe vinavyoongoza masikio ya pedi vitoe, na chini yake utakuta kutu imevimba. Kutu hiyo inavisukuma vibati juu, pedi inabanwa, haiwezi kurudi ikiachiwa. Sugua mpaka chuma kionekane. Vibati vikiwa vimelegea au kuliwa, tafuta vipya. Pakiti zake zipo kwenye maduka ya spea, ingawa muuzaji huwa hakumbuki kukuambia.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani, fungua kifuniko cha kibuyu cha mafuta ya breki. Kikiwa kimejaa, punguza kwa sirinji safi, vinginevyo yatafurika, na mafuta ya breki yanababua rangi ya gari. Sukuma pistoni taratibu kwa klampu. Ikigoma kabisa, au mpira wake ukiwa umechanika na kuvuja, usilazimishe. Hiyo ni kazi ya kufungua kalipa nzima, na ni ya fundi. Angalizo kwa wenye diski nyuma: pistoni za nyuma kwenye magari mengi yenye handibreki ndani ya kalipa huzungushwa zikisukumwa, hazibonyezwi tu.

Pedi ambazo bado zina nyama, mafundi makini wakihesabu milimita 3 kama mwisho, zinaweza kurudi. Kama uso unang'aa, weka msasa juu ya kitu tambarare na uisugue pedi mpaka ule mng'ao uondoke. Kwa tupa, ondoa ncha kali za mbele na nyuma kwa mshazari, milimita 2 hivi. Ncha hizo ndizo huwa za kwanza kukamata diski na kuanzisha mtetemo. Kwenye pedi nyingi mpya kiwanda kimeshazikata.

Mgongoni mwa pedi kuna vibati vyembamba, mafundi wanaviita shimu, vingine vikiwa na tabaka la mpira. Kazi yake moja ni kumeza mtetemo. Kwenye gari lililopita mikono mingi, mara nyingi havipo: fundi mmoja huko nyuma aliviona kama takataka. Virudishe. Paka grisi ya breki nyembamba kati ya shimu na pedi, pale pistoni inapogusa, na kwenye masikio ya pedi. Nyembamba, si kama siagi kwenye mkate. Uso wa pedi na wa diski usiguswe na grisi, na vidole vyenye grisi vifutwe kwanza.

Diski nayo ina maneno yake

Pitisha kucha kutoka katikati kwenda nje. Mikwaruzo midogo ni kawaida. Mifereji inayonasa kucha, au ukingo mrefu uliosimama pembeni, inamaanisha pedi mpya hazitakaa sawa na zitalia. Diski huwa imeandikwa kikomo chake cha unene, mara nyingi kwa herufi MIN TH na namba ya milimita. Itafute chini ya kutu, kisha pima kwa mikromita.

Kukereza diski kwenye mashine ni rahisi kuliko kununua, lakini ina maana tu kama baada ya kukerezwa itabaki juu ya kikomo hicho. Diski nyembamba inachemka haraka, na mteremko mrefu hautaisamehe. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwa kasi, hilo ni tatizo la diski kutozunguka sawa, na pedi peke yake hazitalitatua.

Ukienda Kariakoo au Gerezani kutafuta pedi, beba ile ya zamani mkononi. Linganisha umbo, masikio, na mahali ulimi unapokaa. Pedi zenye chuma kingi hukamata vizuri zikipata moto lakini hupiga kelele zaidi. Za seramiki huwa kimya na vumbi lake ni kidogo. Muulize muuzaji kama boksi linakuja na shimu na vibati. Jibu lake, na bei, vitakuambia mengi.

Kabla ya kutoka getini

Gari likiwa limesimama, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Hili lisisahaulike. Pistoni zimerudishwa ndani, na kanyagio la kwanza litazama mpaka chini bila kukamata chochote. Watu wamegonga ukuta wa nyumbani kwao kwa sababu hiyo. Angalia mafuta ya breki, ongeza kama yamepungua, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kwa Toyota hizi huwa ni DOT 3. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, hivyo usitumie kopo lililofunguliwa mwaka jana. Oili ya injini au hydrauliki isiingie humo hata tone, kwani inaharibu mipira yote ya mfumo.

Nati za tairi zikazwe kwa kurukaruka, si kwa kufuatana, ili rimu na diski vikae sawa. Kwa Toyota ndogo kipimo ni Nm 103. Zirudie baada ya kilomita 50 hivi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara isiyo na msongamano, fika 50 au 60 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka kasi ishuke karibu na 10, achia, ongeza mwendo tena. Fanya mara kumi, ukiacha nafasi ya kupoa katikati, na usisimame kabisa huku umekanyaga, maana pedi ya moto inaacha alama yake kwenye diski. Siku hizo za mwanzo epuka kufunga breki za ghafla, isipokuwa bodaboda akikuingilia.

Sauti ndogo ya hapa na pale inaweza kubaki kwa kilomita 200 au 300. Mluzi ukiendelea zaidi ya hapo wakati pini zinateleza, shimu zipo na diski ni nzima, basi aina hiyo ya pedi haipatani na gari lako. Rudi dukani na uulize za seramiki.